Ridhaa ya Mtani

Kuni zilifika kabla ya uchungu.

Gaudensia Nyoni alikuwa jikoni akimenya viazi, tumbo la wiki thelathini na sita limeegemea ukingo wa meza, aliposikia magogo yakibwagwa uani. Hakuna aliyepikia kuni tena Ruhuhu Juu. Mtaa mzima ulitumia umeme wa bwawa, na msitu ulilindwa na droni zisizojua kusamehe. Lakini msiba bila kuni haujawa msiba, kwa hiyo chama cha kuzikana kilitunza magogo yake stoo, na magogo hayo hayo yalizungushwa nyumba hadi nyumba, mwaka hadi mwaka, bila kuchomwa, hadi maganda yakaisha kwa kushikwa. Gaudensia aliyajua vizuri. Mwaka jana aliyabeba yeye mwenyewe kwenda kwa jirani.

Alitoka nje na kisu mkononi.

"Nani amekufa?"

Wanawake saba wa chama wakatazama chini. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimwonyesha dirisha la jikoni, pale Gaudensia alipokuwa ameiweka bangili yake ya kupokelea ujumbe ili asiiloweshe. Gaudensia akaichukua, akasoma.

*Idara ya Faraja inasikitika kuwatangazia kifo tarajiwa cha mtoto wa Longinus Gama na Gaudensia Nyoni, kama kilivyothibitishwa na mashine ya uzazi. Maombolezo ni siku tatu. Faili litafungwa Ijumaa, saa nane mchana.*

Mtoto akampiga teke la ubavuni, la nguvu, la mtu anayetaka nafasi.

"Sogea, mama," Gaudensia akamwambia mwenyekiti. "Weka mkono hapa. Huyo ndiye marehemu wako. Mpe pole."

Mwenyekiti akaweka mkono. Teke likamfikia, akauondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Usijitese, mwanangu," akasema. "Sheria imewekwa ili usiteseke."

Na hapo ndipo Gaudensia alipokosa hata la kumtukania, maana ilikuwa kweli. Sheria ya Faraja haikutungwa na watu wabaya. Ilitungwa na watu waliochoka kuona watoto wachanga wakifia kwenye mipira na sindano. Mashine ilichukua damu ya mama na picha za tumbo, ikamjenga mtoto mwingine ndani yake, pacha wa hesabu tupu, kisha ikamfanya pacha huyo aishi maisha elfu moja, moja baada ya jingine. Pacha akifikisha miaka mitano walau mara hamsini, mtoto alihesabiwa yu hai na milango yote ya hospitali ilikuwa wazi kwake. Akipungukiwa, alihesabiwa ameshakufa. Hakuna aliyemlazimisha mama kutoa mimba, la hasha, watu wa Faraja walikuwa waungwana. Waliomba tu mtoto aombolezwe mapema. Faili likishafungwa, akizaliwa alipewa blanketi, dawa ya maumivu na mikono ya mama yake. Meza ya upasuaji haikuwa ya marehemu.

Pacha wa mtoto wa Gaudensia alikuwa ameishi maisha yake yote elfu moja. Yaliyokuwa marefu kupita yote yalikuwa ya siku tisa.

Ndani, mumewe Longinus alikuwa amekwisha kusukuma makochi ukutani na kutandika mikeka.

"Ni wewe uliyewafungulia geti?"

"Ni mimi." Hakuinua uso. Longinus alikuwa fundi wa mitambo ya bwawa, mwanamume wa kunyanyua vyuma, lakini siku hizo mabega yake yalikuwa yameshuka kama shati lisilo na mtu ndani. "Gaude, nisikilize. Mimi nataka afie mikononi mwangu, akiwa na joto langu. Sitaki apasuliwe kifua halafu afe hivyo hivyo. Hiyo hasira yako, mke wangu, isije ikawa ndiyo itakayomtesa mtoto."

Maneno yale yalimchoma. Yalimchoma kwa sababu alishajiuliza hivyo hivyo, zaidi ya mara moja. Akarudi jikoni, akamalizia viazi vyake. Waombolezaji hawakuwa na kosa, wangekula nini?

* * *

Gaudensia alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na miwili alizunguka masoko na maghala ya mahindi na mfuko wake wa ngozi wenye mawe ya chuma, kila jiwe limepigwa muhuri wa uzito wake halisi, akiwaumbua wenye maghala. Alijua ujanja wote. Uliomchekesha zaidi ni wa tajiri mmoja aliyetengeneza mawe yake mwenyewe kwa kuyapima kwenye mizani yake mwenyewe, kisha akawa anaikagua mizani kwa mawe yale. Kila siku ilitoka sawasawa, na kila siku ilikuwa inaiba.

Jumatano asubuhi, huku mikeka ya nyumbani imejaa watu, aliuchukua mfuko wake kwa mazoea tu, akaenda hospitali kwa Dakta Tusajigwe Mwakyoma.

Dakta alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyependa kuzungusha maneno. Alimwonyesha tena picha ya moyo ikielea juu ya meza. Upande wa kulia ulikuwa unadunda. Wa kushoto ulikuwa kijifuko kidogo mfano wa punje ya harage, hakikukua.

"Tumboni hana shida," Dakta akasema. "Wewe ndiye unayempumulia. Shida inaanza kitovu kikikatwa. Huo upande mdogo ndio wenye kazi ya kusukuma damu mwili mzima."

"Na hakuna upasuaji?"

"Upo. Tunaufundisha upande wa kulia kufanya kazi ya pande zote mbili. Ni upasuaji mara tatu, wa kwanza ndani ya siku mbili za kuzaliwa."

"Basi niambie kitu kimoja, Dakta. Katika yale maisha elfu moja, pacha alipasuliwa mara ngapi?"

Dakta Tusajigwe akaigusa meza, mistari ya mahesabu ikashuka hewani, akaisoma yote mpaka chini. Akarudia tena kutoka juu.

"Hata mara moja," akasema taratibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine inafuata sheria. Sheria inasema mtoto wa namna hii haandaliwi meza. Kwa hiyo pacha naye hakuandaliwa."

"Na sheria inasema haandaliwi meza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu pacha hufa."

Gaudensia alicheka, kicheko kikavu cha kazini. Akautua mfuko wake mezani, mawe yakagongana. "Dakta, mimi kwa hili nimefunga maghala."

"Najua unachosema," Dakta akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Lakini nami nikuambie ukweli wangu, usije ukanilaumu. Meza ni moja kwa mikoa mitatu. Akija mtoto mwenye nafasi nzuri kuliko wako, siku hiyo hiyo?"

"Mwezi uliopita meza ilifanya kazi siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na tisa ilikuwa imefunikwa shuka. Akija huyo mtoto, mpeni. Nitasimama mlangoni nilie, lakini nitampisha. Wangu asinyimwe meza tupu."

"Kuna na maumivu," Dakta akasema kwa sauti ya chini. "Pacha hasikii maumivu. Wako atasikia. Hilo sitaweza kukufichia."

Gaudensia alitazama ile punje ya harage ikielea. Aliogopa. Aliogopa mpaka akashika kiti. "Hilo nitamjibu mwenyewe siku atakaponiuliza," akasema. "Lakini awepo wa kuniuliza. Utampasua?"

"Faili likiwa wazi, nalazimika kumpasua. Likifungwa, hata nikitaka, meza yenyewe haiwaki."

* * *

Alhamisi alilisoma faili lote. Watu wengine wakipewa fomu husaini palipowekwa alama. Mkaguzi husoma mpaka jina la kiwanda kilichochapa karatasi. Sehemu ya kwanza mpaka ya nne zilikuwa za mashine na madaktari. Ya tano ilikuwa ya dini, na katekista alishaijaza. Ya sita ilikuwa ya baba, na saini ya Longinus ilikuwepo, imetetemeka. Ya mama haikuwepo kabisa. Maelezo yalisema mama ndiye mfiwa mkuu na asisumbuliwe na makaratasi.

Ya saba ilimfanya akae sawa kwenye kiti.

*Mtani wa ukoo athibitishe, bila kushurutishwa, kwamba amemwachia marehemu.*

Waliotunga sheria walitaka ipokelewe vizuri, basi wakaipamba na mila za watu. Wakajua kwamba mtani ana ruhusa ya kuja msibani kuchekesha, kuiga mwendo wa marehemu, hata kulala kaburini akazuia mazishi mpaka aridhike. Wakaona ni pambo zuri, wakaliweka. Walichosahau ni kwamba mtani hakatazwi. Nchi nzima sehemu ile ilikuwa ikijazwa kwa kicheko na kuku mmoja wa kumridhisha mtani, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mtani akikataa.

Gaudensia na mumewe walikuwa Wangoni. Mtani wao wa karibu alikuwa Mhehe, Aidano Kikoti, fundi wa majokofu kwenye ghala la samaki. Alimkuta ndani ya chumba cha baridi, kavaa koti zito, kaparamia ngazi.

"Kamwene!" Aidano akamsalimu kwa Kihehe kutoka juu. "Mngoni kaja na tumbo mbele kama ngao. Vita gani tena?"

"Wewe Mhehe bado hujaganda tu? Shuka, nina neno."

Akashuka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila utani hata kidogo, na kwa Aidano hilo lilikuwa jambo la kutisha.

"Unataka nikatae."

"Nataka uje."

"Nitakuja, lakini usiniagize la kusema." Alipangusa mikono kwenye koti. "Utani siyo maigizo, shemeji. Nikisema uongo msibani, marehemu wangu wote watanicheka. Nitafanya anachofanya mtani, basi. Kikifaa, kifae."

Haikuwa ahadi.

* * *

Ijumaa saa saba na nusu, Bwana Filbert Mwinuka wa Idara ya Faraja alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, kishikwambi kimelala magotini. Alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa akisoma sehemu moja moja kwa upole wa kweli. Longinus alikaa mkekani, mgongo ukutani, macho mekundu.

"Sehemu ya saba," Bwana Mwinuka akasema. "Mtani yupo?"

Mlango ukapigwa teke.

Aidano Kikoti aliingia akitambaa. Jitu la futi sita, kichwani kofia ya kufuma ya mtoto mchanga, kiunoni nepi ya mfuko wa unga juu ya suruali, kidole gumba mdomoni. Akatambaa katikati ya waombolezaji akilia "Ngaa! Ngaa!", akamnyang'anya mwenyekiti wa chama kikombe chake cha chai, akakinywa chote, kisha akajitupa chali juu ya miguu ya Bwana Mwinuka na kukilalia kishikwambi. Watu walijizuia, wakashindwa. Kicheko kikaanzia nyuma, kikafika mbele.

"Mimi ndiye marehemu!" Aidano akapiga kelele. "Mbona hamjaninyonyesha?"

"Mzee, nakuomba," Bwana Mwinuka akasema, naye akibana tabasamu. "Useme tu kama umemwachia."

Aidano akainuka akakaa. "Nimwachie nani? Anaitwaje?"

"Kifo tarajiwa hakipewi jina. Ni utaratibu."

"Mimi sijui kumtania mtu asiye na jina. Ni utaratibu wangu." Akageuka. "Mngoni, mwanao anaitwa nani?"

Gaudensia alikuwa hajamtamkia mtu jina lile. Alikuwa akimwita hivyo peke yake, kimoyomoyo, anapooga. Akasimama, mikono chini ya tumbo.

"Filotea," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Anaitwa Filotea."

Kutoka mkekani sauti ya Longinus ikaongeza, "Filotea Gama."

Aidano akapiga magoti mbele ya Gaudensia, akalielekezea tumbo kidole.

"Haya, Filotea Gama! Babu zako walitujia na mikuki na ngao, wakatusumbua mpaka leo hatujasahau. Wewe umeshindwa kuja hata na moyo mzima? Unakuja vitani na nusu moyo? Mngoni gani wewe? Goigoi! Rudi ukajipange upya!"

Lilikuwa tusi baya. Mama mmoja akafunika mdomo. Gaudensia akaangua kicheko, kicheko cha kutoka chini kabisa, cha kwanza tangu siku ile ya picha ya kwanza, na machozi yakamwagika pamoja nacho. Tangu hapo, wiki sita, watu walikuwa wakimnong'onezea mtoto wake kama maiti. Huyu alikuwa amemkaripia kama mtu.

Aidano akasimama, akavua kofia.

"Nimemtukana," akamwambia Bwana Mwinuka, na sasa hakuwa akichekesha. "Zamu yake."

"Unasemaje?"

"Utani ni kujibizana. Mtu niliyetaniana naye miaka thelathini akifa, namwachia, tumeshamalizana. Huyu nimemwanza leo, hajanijibu hata neno moja. Nikimwachia sasa nitakuwa nimemtukana mtoto nikakimbia. Sijamwachia. Andika hivyo."

"Lakini hawezi kujibu."

"Basi ngoja aweze."

Bwana Mwinuka alijaribu. Alipiga simu kwa mkuu wake, mkuu akapiga kwa mkuu wake, na wote walisomeana maneno yale yale, *bila kushurutishwa*. Nani aliyaandika? Hakuna aliyekumbuka. Saa nane ikafika, kishikwambi kikalia mlio wa kufunga, kikauliza sehemu ya saba, kikakosa, kikanyamaza. Faili likabaki wazi.

Longinus aliinuka mkekani. Akapita katikati ya watu, akatoka uani, akashika gogo la kwanza na kulirusha juu ya mkokoteni wa chama. Gaudensia alimfuata mpaka mlangoni.

"Bado naogopa," Longinus akamwambia, ameshika la pili. "Nimesaini ile karatasi, na bado naogopa. Nikiogopa sana, usiniache nyuma."

"Beba kuni, mume wangu. Mimi naogopa kuliko wewe."

* * *

Filotea alizaliwa siku kumi na moja baadaye, alfajiri, akapiga kelele moja tu, akageuka bluu. Saa tatu asubuhi Dakta Tusajigwe aliondoa shuka juu ya meza. Meza ikawaka. Hakuna mtoto mwingine aliyekuja siku hiyo, ingawa Gaudensia alisikiliza kila mlango uliofunguliwa, na kila ulipofunguliwa alijichukia kwa alichokuwa akikiomba.

Saa nane walimtoa. Alikuwa mdogo kupita kiasi, kifua kimefunikwa bandeji, mipira imemwingia kila upande. Gaudensia alipomwona alitamani ardhi ipasuke. Hili ndilo nililomtafutia? alijiuliza. Hili ndilo nililolipigania? Longinus alimshika bega, na hakusema "nilikuambia". Kwa hilo Gaudensia angempenda mpaka siku ya mwisho.

"Moyo unadunda," Dakta akasema, macho yamezama kwa uchovu. "Kama unasukuma damu ya kutosha ni jambo jingine. Ukisukuma, figo zitaamka. Figo zikiamka, atakojoa. Tunapima nepi kila saa. Asipokojoa mpaka jua lizame..."

Gaudensia akaomba aione mizani. Muuguzi akashangaa, akampa. Akafungua mfuko wa ngozi, akaweka jiwe la gramu ishirini.

"Inazidisha gramu mbili," akasema, akaikaza skrubu yake mwenyewe mpaka ikasema kweli.

Nepi kavu ilikuwa gramu ishirini na nne. Saa tisa walipima, ishirini na nne. Saa kumi, ishirini na nne. Kwenye benchi la korido alikaa Bwana Mwinuka na kishikwambi chake, ametumwa kusubiri jibu, na kando yake Aidano Kikoti, kofia ya kufuma mkononi, akiikunja na kuikunjua. Saa kumi na moja, ishirini na nne. Longinus alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Jua lilikuwa limefika kwenye kidirisha cha mwisho.

Saa kumi na mbili kasoro, muuguzi alibadilisha nepi, akampa Gaudensia aiweke yeye. Sahani ya mizani ikacheza. Akangoja itulie. Kazini siku zote alikuwa akiwaambia vijana, ngojeni itulie.

"Thelathini na tatu," akasoma. Akaitoa, akairudisha. "Thelathini na tatu."

Dakta Tusajigwe akaegemea ukuta, akateleza mpaka akakaa sakafuni.

"Hii ni ya kwanza," akasema kutoka chini. "Zimebaki mbili. Sina namba ya kukupa, Gaudensia. Pacha hajawahi kufika hapa."

"Sikuombi namba."

Mlangoni Aidano alikuwa amesikia yote. "Amenikojolea!" akapaza sauti, korido nzima ikageuka. "Ngojeni, jamani, mashahidi mpo? Kamngoni ka siku moja kamenikojolea mimi mbele ya serikali!" Longinus alikuwa amemkumbatia, wote wawili wakilia kama watoto na kucheka kama wehu.

Bwana Mwinuka alisogea taratibu, kishikwambi mbele, kisanduku cha sehemu ya saba bado kinawaka na kuzima. Alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Dada," akasema, "niandike nini?"

"Andika amejibu."

Akaandika. Kidole chake kikaenda kwenye alama ya kufunga, na mkono mzito wa Aidano ukamshika kifundo.

"Usifunge," Aidano akasema, akiivaa kofia yake ya kufuma. "Sasa ni zamu yangu."